Kigeuzi cha sauti: historia fupi kabla ya kutoa makuta

Ndugu wahitimu na wanafunzi, kati yetu wa Kasongo na Kabambare kuko mjadala ambao hauishi. Mtu akipata mshahara wa kwanza, anataka kusikiliza muziki vizuri nyumbani. Yuko na telefone, ampli, bafle mbili na pano ya jua juu ya nyumba. Kiisha wanamwambia bado anakosa kigeuzi, kile wanaandika DAC juu ya karatoni. Kuko cha bei ya kuku, kuko na cha bei ya ng'ombe. Achukue gani? Naona historia inajibu vizuri kuliko muuzaji.

Tuelewane kwanza. Wimbo ulio ndani ya telefone si sauti, ni namba. Bafle nayo haijui namba, inajua tu umeme unaopanda na kushuka. Kigeuzi njo kinasoma namba na kuzifanya umeme. Kwa hiyo kigeuzi uko nacho tayari: bila hicho telefone yako isingelia. Na bafle ya Bluetooth iko na chake ndani, hata ukinunua kingine cha telefone hakitaigusa.

Wazo lilianza mwaka 1937. Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alichoka na makelele ya simu za mbali. Akafikiri: tupime sauti mara nyingi kila sekunde, tutume vipimo tu. Sisi wa kilimo tunajua jambo hilo. Hatuchimbi shamba lote, tunachukua sampuli za udongo. Lakini udongo kati ya mashimo mawili unaweza kutudanganya. Sauti ni tofauti: ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, wimbi linarudi lote, si kwa kukisia.

Sikio la mtu linafika karibu mitetemo 20,000 kwa sekunde. Njo maana Sony na Philips, walipotengeneza CD, walichagua vipimo 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kiko na ngazi 65,536, ni kusema biti 16.

Hapo njo mashindano ya vigeuzi yalianza. Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony ilitoa mashine ya CDP-101 Japani. Ilikuwa na kigeuzi cha biti 16, lakini kimoja tu, kikihudumia kushoto na kulia kwa zamu. Philips ilikuwa na kigeuzi cha biti 14, TDA1540. Kwenye karatasi ilishindwa. Lakini waliweka viwili, kila upande na chake, wakavikimbiza mara nne, vipimo 176,400 kwa sekunde, kusudi makosa yasukumwe juu, fasi ambayo sikio halifiki. Biti 14 zikafanya kazi ya 16! Mashine za Philips zikasifiwa sana. Basi leo ukisoma « biti 32 » juu ya karatoni, kumbuka hadithi hiyo: namba kubwa haitoshi kukuambia kigeuzi gani ni kizuri.

Shida ya vigeuzi vya zamani ilikuwa kulinganisha vipande vya ndani kwa usahihi mkubwa sana, na usahihi ni bei. Mwisho wa miaka ya 1980 viwanda vilirudi kwa wazo ambalo Wajapani Inose na Yasuda walikuwa wameandika tangu 1962: badala ya ngazi nyingi, tumia chache, lakini kwa mwendo mkali sana. Juu ya hiyo, kigeuzi kizuri kikawa kitu cha bei ndogo.

Mwaka 2007 Wamarekani Meyer na Moran walitoa matokeo ya jaribio. Walichezesha diski za kiwango cha juu, kiisha sauti ileile ikipitishwa kwa kipimo cha CD, wasikilizaji bila kuambiwa ni ipi. Mara 554, walipatia 276. Ni sawa na kurusha sarafu.

Kwetu sasa. Chomeka ekutere nzuri kwa telefone. Ukisikia mvumo ao mkwaruzo hata wimbo ukinyamaza, kigeuzi kidogo cha inje kitakusaidia. Kama ni kimya, makuta yaende kwa bafle, kwa umeme safi, na kwa faili nzuri. Wimbo uliobanwa mara tatu ukipita telefone kwa telefone, kigeuzi cha ng'ombe kitausoma vilevile ulivyoharibika.

Kuko jambo kubwa zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa ile tunaisikia mpaka sasa juu mtu aliipima vizuri wakati ule. Wazee wetu wenye nyimbo za mavuno na za maombolezo, nani anawapima? Tafadhali, usimrekodi bibi kwa vokali ya WhatsApp, inabana sauti sana. Weka programu ya kurekodi, chagua WAV, 44,100, biti 16. Kiisha weka kopi mbili, fasi mbili. Kigeuzi tutanunua hata miaka kumi ijayo, na kitakuwa kizuri kuliko cha leo. Lakini hakuna kigeuzi kitakachorudisha sauti ambayo haikupimwa.