Kiti Kitupu: Serikali ya Marekani na Dereva Aendaye Kazini Peke Yake, 1942–2000

1.0 Utangulizi

Mwaka 1943 serikali ya Marekani ilichapisha bango lililochorwa na msanii Weimer Pursell. Bango hilo linamwonyesha mwanamume aliyevaa suti akiendesha gari lisilo na paa. Kiti cha pembeni yake hakina abiria, ila mistari myeupe inayochora umbo la Hitler. Maandishi yake yanadai kwamba anayeendesha peke yake anaendesha pamoja na Hitler, kisha yanamhimiza msomaji ajiunge na kikundi cha kushirikiana gari.

Bango hili hutajwa mara nyingi kama kielelezo cha propaganda ya vita. Insha hii inalitumia kuuliza swali tofauti. Kwa zaidi ya nusu karne, kwa vipindi, serikali ya Marekani iliwasihi raia wake wasiende kazini kila mmoja na gari lake. Kwa nini, basi, idadi ya waendao peke yao ilizidi kupanda? Hoja ya msingi ya insha hii ni kwamba wito kwa dhamiri haukufua dafu pale ambapo mkono mwingine wa serikali iyo hiyo ulikuwa ukigharimia kiti kitupu.

2.0 Vita, Mpira na Kuponi

Chanzo cha kampeni ya wakati wa vita kilikuwa mpira zaidi kuliko petroli. Mapema mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliiteka Malaya na visiwa vilivyokuwa chini ya Waholanzi, na Marekani ikapoteza takriban asilimia 90 ya mpira wa asili iliokuwa ikiuagiza. Kamati iliyoongozwa na Bernard Baruch ilipendekeza mwezi Septemba mwaka huo kwamba petroli igawiwe kwa mgao nchini kote, hata katika majimbo ambayo hayakuwa na upungufu wake, ili matairi yasichakae. Mgao huo ulianza tarehe 1 Desemba 1942, na mwendo wa magari ukawekewa kikomo cha maili 35 kwa saa, sawa na kilometa 56 hivi.

Mwenye stika ya daraja A, ambalo ndilo lililokuwa la watu wengi, alipata galoni tatu au nne kwa wiki. Aliyehitaji zaidi kwa ajili ya safari za kazini alilazimika kuomba nyongeza, na sehemu ya maombi hayo ilikuwa kuthibitisha kwamba anawachukua wenzake garini au kwamba kufanya hivyo hakuwezekani. Hapa ndipo palipokuwa na nguvu halisi ya sera hiyo. Bango lilimwaibisha dereva, lakini kuponi ndiyo iliyombana. Mgao wa petroli ulipoondolewa Agosti 1945, aibu ilibaki bila meno, na vikundi vya kushirikiana gari vilipoteza sababu yao kuu ya kuwapo.

Kuna upande wa pili wa tairi ambao simulizi hii ya Kimarekani huusahau. Pengo la mpira wa Asia lilizibwa kwa sehemu na Afrika. Huko Tanganyika, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitumia kanuni za wakati wa vita kuwaandikisha watu kwa lazima katika mashamba ya mkonge na ya mpira, yakiwamo mashamba ya mpira ya enzi za Wajerumani yaliyokuwa yametelekezwa. Katika Kongo ya Wabelgiji, siku za kazi za lazima kwa wanakijiji ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kugema mpira, kazi ambayo wazee wao waliikumbuka kwa machungu ya enzi za Leopold. Dereva wa Marekani aliombwa kwa bango na kubanwa kwa kuponi. Mgema mpira aliamriwa, naye hakuwa na gari la kushirikiana na mtu yeyote. Historia ya kiti kitupu haina budi kumhesabu na yeye, kwa kuwa gharama ya kiti hicho iliangukia hata mabega yasiyowahi kukikalia.

3.0 Mkono wa Pili wa Serikali

Baada ya vita serikali ilisukuma upande wa pili. Dhamana za mikopo ya nyumba zilisaidia familia nyingi, hasa za Wazungu, kuhamia vitongoji vya nje ya miji. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956, iliyotiwa saini na Rais Eisenhower, iliidhinisha mtandao wa maili 41,000, huku serikali kuu ikibeba asilimia 90 ya gharama. Aidha, mwajiri aliyempa mfanyakazi maegesho ya bure alikuwa anampa manufaa yasiyotozwa kodi ya mapato. Mfanyakazi aliyeenda kazini kwa miguu hakupata chochote cha kulingana na hayo.

Kwa hiyo vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 viliikuta nchi ambamo kwenda kazini peke yako kulikuwa kumekwisha jengwa ndani ya ramani, mkopo na mshahara. Sheria ya dharura ambayo Rais Nixon aliitia saini tarehe 2 Januari 1974 ilishusha kikomo cha mwendo hadi maili 55 kwa saa na kutenga fedha za majaribio ya kushirikiana gari. Ramani yenyewe haikuguswa.

4.0 Barabara Mbili, Matokeo Mawili

Inaweza kudaiwa kwamba chanzo cha yote ni utajiri: magari yalizidi kupatikana, na watu wakachagua uhuru wao. Dai hilo lina ukweli, lakini halielezi tofauti kati ya barabara mbili za muongo mmoja katika nchi moja.

Ya kwanza ni Shirley, iendayo Washington kutoka Virginia. Njia zake za katikati zilitengewa mabasi mwaka 1969, na Desemba 1973 zikafunguliwa kwa magari yenye watu wanne au zaidi. Madereva waliopungukiwa abiria walianza kuwachukua watu wasiowajua kwenye vituo vya mabasi, na desturi ikazuka ya wageni kupanga foleni na kupakiana bila malipo. Hakuna ofisi iliyoibuni desturi hiyo. Dereva alipata muda, abiria akapata usafiri.

Ya pili ni Santa Monica, jijini Los Angeles. Tarehe 15 Machi 1976 njia moja kwa kila upande, iliyokuwa ikitumiwa na wote, ilitengwa kwa ajili ya mabasi na magari yenye watu watatu au zaidi. Msongamano na hasira vilifuata, na mwezi Agosti mahakama ikausimamisha mpango huo kwa kuwa athari zake kwa mazingira hazikuwa zimechunguzwa ipasavyo. Tofauti iko wazi: Shirley ilitoa kitu kipya, Santa Monica ilichukua kilichozoeleka. Hata hivyo, mafanikio ya Shirley yasisifiwe kupita kiasi, kwani kutoa kitu kipya kulimaanisha kuongeza lami.

Jaribio kubwa la mwisho lilikuwa sheria ya hewa safi ya mwaka 1990, iliyowataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi katika maeneo yenye uchafuzi mkubwa wapunguze safari za magari ya kwenda kazini. Waajiri walilalamikia gharama, na Desemba 1995 Bunge likaligeuza sharti hilo kuwa la hiari.

5.0 Hitimisho

Takwimu za sensa zinatoa hukumu. Mwaka 1980 asilimia 64.4 ya wafanyakazi walienda kazini wakiendesha peke yao, na asilimia 19.7 walishirikiana gari. Mwaka 2000 viwango hivyo vilikuwa asilimia 75.7 na 12.2.

Insha hii haidai kwamba dereva hana hiari. Inadai kwamba hiari yake ilitengenezewa mazingira na dola ileile iliyomlaumu. Pale serikali ilipofunga kuponi na kushirikiana pamoja, au ilipomlipa abiria kwa muda, kiti kilipata mtu. Ilipobaki na bango mkono mmoja na maegesho ya bure mkono mwingine, raia aliusoma mkono uliokuwa na kitu ndani yake. Mtafiti wa sera hizi anapaswa kuanzia kwenye mkono huo, kisha aulize ni nani, karibu au mbali, anayelipia kiti ambacho hakuna aliyekikalia.