Samaki wa Kutia Chumvi, Samaki wa Kupimwa kwa Rula

Ushawahi kuona pinboli? Ni mashine ya meza iliyoinama: gololi ya chuma inateremka, wewe unaipiga kwa vibao viwili isidondoke. Mwaka 1992 kampuni ya Williams ya Chicago, Marekani, ilitoa Fish Tales, iliyobuniwa na Mark Ritchie. Juu yake kuna samaki anayetikisa mkia. Utani wenyewe ni huu: ukitia chumvi kuhusu samaki uliyemvua, alama zinaongezeka!

Sasa njoo Bukoba, au visiwa vya Goziba na Bumbire kule Muleba. Huku ukubwa wa samaki si utani. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akaja kulisha viwanda vya minofu. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zikakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50. Kwa nini wapime urefu? Kwa sababu wengi wa kimo hicho hawajazaliana hata mara moja.

Kwenye mashine, ukishindwa unatumbukiza sarafu, unaanza upya. Sangara mchanga akishafika mwaloni, mayai ambayo angetaga ndiyo yamekwisha hivyo.