Kumbukumbu Zetu Zilivyohamia Kompyuta Mpya

Kwa miaka hii kumi hisa na mikopo ya akina mama imeandikwa kwenye daftari, baadaye na kwenye kompyuta ya mtumba. Ilipochoka, kazi ikawa kutoa kumbukumbu ndani ya diski yake ngumu.

Diski ngumu ya kwanza ililetwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, uzito kama wa tani nzima, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Siku hizi picha moja ya simu yaweza kuijaza!

Yetu ilienea kiganjani, ila ilitumia ule waya mpana wa zamani. Tangu mwaka 2003 waya mwembamba wa SATA ulianza kushika nafasi yake, na kompyuta mpya haikuwa na pa kuchomeka ule mpana. Mali ipo ndani, mlango hakuna! Ikabidi kununua adapta ya USB.

Tulikubaliana kunakili, siyo kuhamisha, ili umeme ukikatika nakala ya kwanza ibaki palepale. Tukaanza na mafaili ya mikopo. Picha za sherehe zingoje, maana diski kuukuu yaweza kufa wakati wowote.

Kisha mweka hazina akasoma daftari kwa sauti, mwanachama mmoja mmoja, katibu akifuatisha kwenye kioo. Wenye hisa nao walikuwa wametega masikio, si mchezo. Jumla zikalingana. Diski ya zamani tumeifungia kwenye sanduku letu la kufuli tatu.