Akiba Haiozi? Hazina ya Nyumba katika Miaka ya Dhiki Tanzania, 1978–1986

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa vizazi vingi methali hiyo ilihusu nafaka ghalani, samaki mkavu, muhogo ulioachwa ardhini na kipande cha dhahabu kilichofungwa kitambaani. Ilipohamishiwa kwenye noti za benki, maana yake ilianza kuyumba. Kati ya 1978 na 1986 familia za Tanzania zilishuhudia akiba ya fedha ikioza mbele ya macho yao, na zikalazimika kuamua upya nini cha kuwekwa, wapi, na kwa nani. Historia ya kipindi hicho imeandikwa zaidi kwa lugha ya Hazina ya taifa: nakisi ya bajeti, madeni, uhaba wa fedha za kigeni, mvutano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hazina ya nyumba haikuwa na jalada wala mkaguzi. Hata hivyo, hiyo ndiyo iliyowalisha watu, na mwishowe ikailazimisha dola kuhalalisha jambo ambalo yenyewe ilikuwa imeliita hujuma.

Dhiki haikuja kwa siku moja. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umekwisha kuifanya nchi iagize chakula kutoka nje na kutangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Bei nzuri ya kahawa ya 1976 na 1977 ilileta nafuu fupi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vikaendelea hadi 1979, mwaka uleule ambao bei ya mafuta ilipanda tena duniani. Viwanda vilikosa malighafi na vipuri, malori yalilala kwa kukosa matairi, na mazao yakachelewa vijijini. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 30 kwa mwaka. Kufikia katikati ya muongo huo, thamani halisi ya mshahara wa mjini ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na miaka kumi iliyotangulia. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, khanga na dawa ya meno vikawa bidhaa adimu, vikipatikana kwa foleni, kwa kibali au kwa kujuana. Unga wa mahindi ya njano ulioletwa kama msaada ulipewa jina la utani, unga wa yanga, kwa kufananishwa na rangi ya klabu ya mpira.

Katika hali hiyo hesabu ya nyumbani ilikuwa rahisi na ya kutisha. Aliyeweka shilingi 1,000 mwezi Januari, bei zikapanda kwa asilimia 30, alikuta Januari iliyofuata fedha hizo zinanunua vitu ambavyo mwaka uliopita vingemgharimu shilingi 770 hivi. Riba ya akiba haikufikia nusu ya kasi ya bei, wala hapakuwa na benki shindani ya kukimbilia, kwa kuwa benki zilikuwa zimetaifishwa tangu 1967. Mshahara kwa hiyo ulipaswa kutoka mkononi haraka. Busara ya kale ilimsifu anayechelewa kutumia. Dhiki ya miaka hii ilimwadhibu.

Njia ya kwanza ya kujiandaa ilikuwa kugeuza fedha kuwa vitu. Sukari ilipoonekana, ilinunuliwa yote iliyoruhusiwa, hata kama ya wiki iliyopita haijaisha. Mche wa sabuni ulikatwa vipande na kuhesabiwa. Doti ya khanga isiyokatwa iliwekwa sandukuni ikiwa vazi na pia sarafu, kwa maana mkulima asiyeona faida ya noti alikuwa tayari kupokea nguo. Pwani na visiwani, dhahabu ya mwanamke ilirejea kwenye kazi yake ya zamani. Mahari ni mali ya mke kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, na bangili au kidani kilichopelekwa kwa sonara kingeweza kulipa matibabu au safari pasipo kuomba idhini ya mume. Shilingi iliposhushwa thamani, dhahabu haikushuka nayo. Kule mashambani, muhogo ulibaki kuwa ghala lisilohitaji mlango: huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi, ukachimbwa siku ya haja.

Njia ya pili ilikuwa kugeuza fedha kuwa watu, na mfano wake ulio wazi ni upatu. Tuchukue wanawake kumi, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa mwezi, kijumbe akikusanya na kumkabidhi mmoja wao 1,000. Anayepokea mwanzo amekopeshwa bila riba. Anayepokea mwisho amewakopesha wenzake, na kwa mfumuko wa asilimia 30 kwa mwaka, 1,000 yake ya mwezi wa kumi imepoteza karibu moja ya tano ya uwezo wake wa kununua. Ndiyo maana mpangilio wa zamu ulikuwa jambo zito, likiamuliwa kwa kura, kwa umri au kwa shida ya mtu, na likigeuzwa duru ilipoanza upya. Ubora wa upatu haukuwa katika kuhifadhi fedha. Ulikuwa katika kutoiacha ilale: michango ilikaa kwa kijumbe kwa siku chache, kisha ikageuka gunia la unga, cherehani au mtaji wa kukaanga samaki. Kilichobaki kama akiba kilikuwa ahadi ya watu tisa. Ahadi hiyo haikupandiwa bei, lakini iliweza kuvunjika, na aliyeivunja alipoteza mengi zaidi ya fedha.

Göran Hydén, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu ujamaa na wakulima wa Tanzania, aliuita mtandao wa namna hii uchumi wa upendo. Jina hilo limependwa, ila linaweza kuficha ugumu wa hesabu iliyokuwamo. Ndugu wa kijijini aliyeleta debe la mahindi mjini alitarajia mwanawe apate mahali pa kulala akisoma. Jirani aliyepewa chumvi leo alikumbukwa kuwa na deni. Upendo ulikuwapo, nao uliandikwa katika daftari la moyoni kwa usahihi ambao karani wa benki angeuonea wivu.

Njia ya tatu ilikuwa kuongeza milango ya kipato. Neno “mradi”, ambalo katika lugha ya serikali lilimaanisha kiwanda au bwawa, lilishuka hadi uani likamaanisha banda la kuku, beseni la maandazi, jokofu la kugandishia barafu za watoto. Mchicha ulilimwa mabondeni, na ng'ombe wa maziwa wakafugwa hata katika mitaa ya wakubwa. Magari ya watu binafsi yalibeba abiria ambao mabasi ya shirika la umma hayakuweza kuwamaliza, yakaitwa daladala kwa nauli ya sarafu ya shilingi tano, ambayo mitaani iliitwa dala. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, alionyesha kwamba shughuli hizi zilikuwa zimeuzidi mshahara kwa mbali katika kuendesha nyumba. Wengi waliendelea kwenda kazini kwa sababu kazi ilileta kibali, nyumba, matibabu na watu wa kujuana nao. Hapo ndipo Azimio la Arusha la 1967 lilipokwaruzana na jiko. Kanuni zake za uongozi zilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni au nyumba ya kupangisha. Nia ilikuwa kuzuia tabaka la wanyonyaji. Kufikia 1982, ofisa asiye na chanzo cha pili cha kipato hakuweza kumaliza mwezi, na mara nyingi kuku walioandikwa kwa jina la mke ndio waliomlisha mtetezi wa Azimio.

Machi 1983 serikali ilianzisha operesheni dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwapo kweli: wenye maghala waliokuwa wakisubiri bei ipande, na watumishi wa mashirika ya biashara waliotoa bidhaa kwa mlango wa nyuma. Hasira ya wananchi dhidi yao haikuwa ya kubuniwa. Lakini sheria maalumu iliyopitishwa mwaka huo ilianza kutumika kwa kurudi nyuma, ikaunda mahakama yake, ikanyima dhamana, mawakili na rufaa. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa. Jambo lililoitikisa nyumba ya kawaida ni kwamba sheria haikuwa na kipimo kilichoeleweka cha kutenga akiba na ulanguzi. Mfuko wa sukari chini ya kitanda ulikuwa maandalizi ya mfungo, au ulikuwa ushahidi? Katoni ya sabuni ilikuwa ya arusi ya binti, au ya kuuza? Watu walitupa bidhaa vichakani na baharini kwa hofu. Bidhaa hizo zilikuwa kinga ya familia dhidi ya mwezi usiojulikana. Mwaka uleule Sheria ya Nguvu Kazi ilimtaka kila mtu aonyeshe kazi inayotambulika, na wachuuzi wadogo, wakiwamo akina mama wa chakula, wakajikuta wakihojiwa kama wazururaji.

Operesheni ilidhihirisha mengi kuhusu maduka, lakini haikuongeza bidhaa. Maduka yaliyokuwa na kidogo yakawa matupu. Juni 1984 bajeti ikageuza mkondo: ruzuku ya sembe iliondolewa, shilingi ikashushwa kutoka takribani 12 hadi 17 kwa dola, na wenye fedha za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi. Miezi kumi na mitano tu ilitenganisha swali “umezipata wapi?” likiulizwa na polisi na uamuzi wa kutoliuliza kabisa. Visiwani, Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika urais wa Zanzibar mwanzoni mwa 1984, alilegeza biashara vivyo hivyo. Mwalimu Nyerere alipong'atuka Novemba 1985, Mwinyi akachukua uongozi wa Muungano, na sera hiyo ikampa jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1986 dola ilifika shilingi 40, na Agosti mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ukatiwa saini.

Ruhusa ile ya 1984 iliwahusu moja kwa moja Waswahili wa ng'ambo. Familia zilizotawanywa na Mapinduzi ya 1964, na wale waliofuata masomo au kazi Oman, Dubai, London na kwingineko, ghafla ziligeuka kuwa ghala la nyumbani lenye mlango halali. Awali msaada ulifika kwa sanduku la msafiri: sabuni, dawa, vitambaa, betri. Sasa ulifika kwa kontena. Mwanamke wa Unguja mwenye dada Maskati alikuwa na kitu ambacho jirani yake hakuwa nacho, yaani kipato kisichofuata bei za nyumbani. Jirani asiye na mtu nje alibaki na kuku wake na upatu wake, na pengo kati ya nyumba hizo mbili likapanuka katika mtaa mmoja. Hapo ilianza desturi ambayo wasomaji wengi wa ughaibuni wanaiishi hadi leo: kuhesabiwa kama sehemu ya maandalizi ya familia, pasipo kuulizwa kama wao wenyewe wana pa kuegemea siku yao ya shida.

Haifai kuisimulia habari hii kama ushindi mtupu wa werevu wa watu. Kujitegemea kwa nyumba kulilipwa kwa saa za mwanamke, aliyeamka alfajiri kukanda unga, akapanga foleni mchana na kuhesabu michango usiku. Kulilipwa na watoto waliotumwa kuuza vitumbua saa za shule, na kwa utumishi wa umma uliozoea kuweka kazi rasmi nyuma ya mradi. Mwalimu aliyefundisha tuisheni jioni ili aishi hakuwa mhalifu, lakini darasa la asubuhi lilipata mabaki ya nguvu zake. Mazoea yaliyookoa familia mwaka 1983 yaliendelea hata sababu yake ilipopungua. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi, liliruhusu kwa maandishi mambo ambayo jiko lilikuwa limeyafanya kwa miaka kumi, na pia lilifungua mlango kwa wale ambao mahitaji yao yalikuwa yamevuka jiko zamani.

Methali basi ilikuwa sahihi kwa sharti moja. Akiba haikuoza pale ilipokuwa katika umbo ambalo bei hazikuweza kulitafuna: muhogo, dhahabu, khanga, ujuzi wa mkono, neno la kijumbe. Hata umbo hilo lilihitaji dola inayomwamini raia kwamba anapoweka kitu anaiogopa kesho, hailangui. Mwaka 1983 imani hiyo ilikosekana, na familia zikajifunza kuficha maandalizi yao. Bado zinaficha: mtafiti anayeuliza leo katika mitaa ya Kariakoo au Ng'ambo kaya inaishi kwa kiasi gani, kwanza atatajiwa mshahara. Mengine husemwa, yakisemwa, baada ya chai ya pili.