Fumbo Kwanza, Kitabu Baadaye: Historia ya Watu Wanaojifunza Lugha za Kompyuta kwa Chemsha Bongo

Kila Desemba tangu mwaka 2015, kuna kundi la watu duniani linalosubiri swali kama wengine wanavyosubiri wimbo mpya wa msanii wao. Swali lenyewe halina cheti wala hela. Ni fumbo la kompyuta linalofunguliwa saa 6 kamili usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani. Kwa Dar na Nairobi hiyo ni saa 2 asubuhi, muda ambao wengi bado wamebanana kwenye daladala na matatu.

Mchezo unaitwa Advent of Code. Unapewa hadithi fupi, unapewa data, unatakiwa kurudisha jibu moja tu. Umelipataje? Shauri yako. Unaweza kutumia lugha yoyote ya kompyuta unayoitaka, na hapo ndipo utamu ulipo. Mtu aliyezoea Python anaingia Desemba akijiapiza kwamba mwaka huu ni Rust tu, hata kama siku ya kwanza hajui kufungua faili kwa lugha hiyo. Hajasoma kitabu. Anataka fumbo limlazimishe kusoma.

Hii njia ya kujifunza watu wanaiona kama kitu cha juzi tu. Wapi! Ina historia ndefu, na kwenye historia hiyo kuna onyo ambalo mwaka huu linamhusu kila kijana anayejifunza programu.

MALKIA NANE KWENYE MEZA MOJA

Mwaka 1848, gazeti moja la sataranji la Ujerumani lilichapisha fumbo: weka malkia 8 kwenye ubao wa sataranji bila hata mmoja kuweza kumla mwenzake. Malkia wa sataranji anakula mbele, nyuma, pembeni na mshazari, kwa hiyo si kazi ndogo. Majibu yapo 92.

Kompyuta zilipokuja, fumbo hilo likapata maisha mapya. Mwaka 1972, mwanasayansi mmoja wa Uholanzi alilitumia kuonyesha jinsi programu inavyojengwa hatua kwa hatua, kwa mpangilio unaoeleweka. Kwa nini achague fumbo la zamani namna hiyo? Kwa sababu swali lenyewe mtu analielewa ndani ya dakika moja. Akili yote inabaki kwenye kazi: weka malkia wa kwanza, weka wa pili, ukikwama rudi nyuma, mwondoe wa mwisho, jaribu nafasi nyingine. Ukishaweza kuieleza kompyuta habari ya "ukikwama rudi nyuma", umeshajifunza mambo makubwa matatu ya lugha hiyo bila kukariri chochote.

Mwaka 1978, jamaa wawili wa maabara ya Bell huko Marekani walitoa kitabu kuhusu lugha ya C. Programu yao ya kwanza ilifanya kitu kimoja tu: kuandika salamu kwa dunia. Mpaka leo karibu kila anayeanza lugha mpya anaanza na salamu hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba lugha ya kompyuta hujifunzwi kwa njia nyingine zaidi ya kuandika programu kwa lugha hiyo. Na ukifikiria, ni kweli. Mtoto wa Kariakoo hajifunzi ngeli kwanza ndipo aombe maji. Anaomba maji, anakosea, anarekebishwa, kesho anaomba vizuri zaidi.

MLANGO ULIKUWA MWEMBAMBA

Shida ni kwamba miaka hiyo mafumbo yalikuwa ya wachache. Mashindano ambayo baadaye yalikuja kuitwa ICPC yalianzia Texas mwaka 1970, lakini yalikuwa ya wanafunzi wa vyuo: watu watatu, kompyuta moja, maswali kibao, saa inakimbia. Mwaka 1989 yakaja mashindano ya dunia ya wanafunzi wa sekondari, ya kwanza yakifanyika Bulgaria. Safi, ila na hapo ilibidi uwe na shule inayokufahamu na nchi inayokupeleka. Kijana wa mtaani asiye na chuo alibaki kusikia tu.

Mwaka 2001 mambo yakabadilika, na aliyeyabadilisha hakuwa bosi wa kampuni yoyote. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa Uingereza. Alianzisha Project Euler, mkusanyiko wa mafumbo ya hesabu na programu kwenye intaneti, bure, kwa yeyote.

Swali la kwanza ni jepesi kulisoma. Chukua namba zote chini ya 10 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5: yaani 3, 5, 6 na 9. Jumla yake ni 23. Haya, sasa tafuta jumla hiyo kwa namba zote chini ya 1,000.

Wengi wanaingia mtego hapa. Wanajumlisha namba za 3, wanajumlisha namba za 5, halafu wanaunganisha. Jibu linakataa. Kwa nini? Kwa sababu 15 inagawanyika kwa zote mbili, kwa hiyo imehesabiwa mara mbili, na 30 hivyo hivyo, na 45 pia. Kulirekebisha kosa hilo kunakulazimisha ujue lugha yako inasemaje "au", inapimaje baki la kugawanya, na inarudiaje kazi moja mara elfu bila kuchoka.

Ila utamu wa mwalimu yule ulikuwa kwenye kitu kingine. Ukipata jibu sahihi, unafunguliwa ukumbi ambao waliokutangulia wameacha njia zao. Wewe umeandika mistari 20 na jasho linakutoka, unamkuta mwingine kaandika mstari mmoja. Mwingine katumia lugha ambayo hujawahi kuisikia. Mwingine hakuwasha hata kompyuta, kachukua kalamu na karatasi akamaliza. Unasoma, unajikuna kichwa, unarudi kuandika upya. Darasa linaanza baada ya jibu.

KATA, LAKINI SI YA DIWANI

Baada ya hapo yakaja mazoezi yanayoitwa "kata". Usiwaze kata ya diwani. Neno limetoka kwenye karate, ambako mpiganaji anarudia mpangilio uleule wa mapigo mpaka mwili uyazoee. Wazo lilikuwa kwamba hata mwandishi wa programu mzoefu anahitaji mazoezi ya kurudia, si kazi za ofisini tu.

Mwaka 2013 mwanamke mmoja aliyekuwa akifundisha programu alianzisha Exercism, ambayo leo ina mazoezi ya lugha zaidi ya 70. Unaandika jibu lako, kisha mtu anayejitolea anaweza kulipitia na kukwambia: jibu liko sawa, ila wenyeji wa lugha hii hawasemi hivyo. Kila lugha ina lafudhi yake, na bila mtu wa kukusahihisha unaweza kuzungumza Ruby kwa lafudhi ya Java miaka na miaka.

Upande wa pili, waajiri nao wakaona fumbo. Mwaka 2007 ulisambaa mjadala kuhusu mchezo wa watoto uitwao FizzBuzz: hesabu kutoka 1 hadi 100, ukifika namba inayogawanyika kwa 3 sema Fizz, kwa 5 sema Buzz, kwa zote mbili sema FizzBuzz. Ilidaiwa kuwa waombaji kazi kibao wanashindwa kuuandikia programu. Kuanzia hapo fumbo likazidi kuwa chujio la usaili. Na kitu kikishakuwa chujio, watu hawatafuti tena kuelewa, wanatafuta kupita. Wakaanza kukariri majibu kama mtahiniwa anavyokariri mitihani ya miaka iliyopita.

JAMAA ALIYEJIANDAA KWA WATU 70

Turudi kwenye Desemba. Mwanzilishi wa Advent of Code, Mmarekani mmoja, alitengeneza mchezo wake kwa ajili ya marafiki. Mwaka 2015 alijiandaa kwa watu kama 70. Ndani ya siku mbili walikuwa maelfu.

Fumbo la kwanza kabisa lilikuwa hili: Santa yuko kwenye ghorofa refu, na ana karatasi iliyojaa alama za mabano. Bano la kufungua maana yake panda ghorofa moja, la kufunga maana yake shuka moja. Ataishia ghorofa ya ngapi? Ukijibu, sehemu ya pili inafunguka: ni alama ya ngapi iliyompeleka chini ya ardhi kwa mara ya kwanza?

Ona ujanja uliopo. Sehemu ya kwanza inataka uhesabu tu. Sehemu ya pili inataka ujue upo nafasi ya ngapi, na ujue kusimama katikati ya safari. Data nayo inatofautiana kati ya mchezaji na mchezaji, kwa hiyo jibu la jirani halikusaidii. Kila siku nyota mbili, na hadi mwaka 2024 mpaka Krismasi zilikuwa nyota 50.

Kulikuwa pia na msimamo wa dunia, kama wa ligi. Mtu 100 wa kwanza kwa kila nyota walipata pointi, wa kwanza 100, wa mwisho 1. Hapo ndipo moto ulipowaka.

ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022, siku moja tu kabla ya mafumbo ya mwaka huo kuanza. Msimu huohuo wakaonekana watu wanaotumia akili mnemba kumaliza fumbo ndani ya sekunde ambazo hazitoshi hata kusoma swali. Mwanzilishi akaomba kistaarabu watu wasiitumie kugombea msimamo. Wengine wakasikia, wengine wakaziba masikio.

Mwaka 2025 akafanya mawili: mafumbo yakapungua kutoka siku 25 hadi 12, na msimamo wa dunia ukafutwa. Maelezo yake kuhusu msimamo yalikuwa mazito kuliko habari za akili mnemba. Ulikuwa umegeuka chanzo cha presha. Wapo waliofikia hadi kushambulia seva. Na wengi walitazama muda wao, wakaulinganisha na wa wale 100, wakajiona hawafai. Watu waliokuja kujifunza waliondoka wakiamini hawana akili.

Kuhusu akili mnemba, aliuliza swali moja linalomaliza ubishi: ukimtuma rafiki akakufanyie mazoezi gym, misuli itaota kwa nani?

MJI UNAO BADO

Waswahili walilijua hili kabla ya umeme. Kwenye vitendawili, mtegaji anasema kitendawili, wenzake wanajibu tega. Wakishindwa, hawapewi jibu hivi hivi. Anawaambia: nipeni mji. Lazima utoe mji, na mtegaji autembelee kwa maneno huku wewe ukimsikiliza akijigamba, ndipo jibu litoke. Jibu la bure halikuwepo.

Leo jibu ni la bure na linakuja haraka. Hilo halimfanyi fumbo kufa. Malkia wale 8 walishapatiwa majibu yao zamani sana, na bado kila mwaka kuna mwanafunzi anayewapanga upya, kwa sababu hakuna anayehitaji majibu yale 92. Kinachohitajika ni kile kinachobaki kichwani baada ya kukwama, kurudi nyuma na kujaribu tena.

Ni kweli fumbo halifundishi kila kitu. Halikufundishi kufanya kazi na wenzako, wala kurithi programu iliyoandikwa na mtu aliyeacha kazi miaka mitano iliyopita. Lakini kwa mtu anayetaka lugha mpya imtoke mdomoni bila kigugumizi, bado ni mwalimu wa bei rahisi kuliko wote: anadai muda tu, na hakubali utumwe mtu kwa niaba yako.

Wewe mdau, ulianza na lugha gani, na fumbo gani lilikukesheza? Kama umelipata jibu la lile swali la namba chini ya 1,000, usilimwage hapa, waache wenzako wasote. Weka njia yako kwenye maoni hapo chini.