Longmire: Sherifu aliyeponzwa na umri wa watazamaji wake

Kituo cha televisheni cha A&E cha Marekani kilipoikatisha tamthilia ya polisi ya Longmire mwaka 2014, ilikuwa miongoni mwa vipindi vyake vya kuigiza vilivyopendwa zaidi. Kilichoiponza si uchache wa watazamaji, bali umri wao. Wengi walikuwa wamekaribia au kupita miaka 60, ilhali makampuni yanayotangaza biashara huwathamini zaidi walio chini ya miaka 50.

Tamthilia hiyo, iliyoanza kurushwa Juni 3, 2012, imetokana na riwaya za Craig Johnson, mkazi wa jimbo la Wyoming, ambaye alichapisha ya kwanza mwaka 2004. Mhusika mkuu, Walt Longmire, ni mjane na sherifu wa Absaroka, wilaya ya kubuniwa. Hana simu ya mkononi wala haoni haja ya kuwa nayo. Anaigizwa na Robert Taylor, raia wa Australia, ingawa ukimtazama akiwa juu ya farasi ungeapa kuwa amezaliwa hukohuko.

Sherifu nchini Marekani kwa kawaida huchaguliwa kwa kura. Ndiyo maana Longmire anajikuta akipingwa katika uchaguzi na msaidizi wake mwenyewe, Branch Connally.

Hata hivyo, uzito wa tamthilia uko mpakani mwa eneo la Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Marekani, ambako amri ya sherifu hufikia kikomo. Polisi wa kabila, wakiongozwa na Mathias (Zahn McClarnon), hawana hamu ya kumsaidia, kwa kuwa ndiye aliyemkamata mkuu wao wa zamani, Malachi Strand. Mgogoro huo wa mamlaka si wa kubuni. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama za makabila hazina uwezo wa kumshitaki kwa jinai mtu asiye mwenyeji wa asili, na pengo hilo limewapa wahalifu mwanya kwa miaka mingi. Ni tamthilia chache za polisi zilizolishughulikia suala hilo kwa subira kama hii. Henry Standing Bear, rafiki wa sherifu tangu utotoni anayeigizwa na Lou Diamond Phillips, ndiye anayelipa gharama kubwa ya kusimama katikati.

Baada ya mashabiki kulalamika, Netflix, ambayo mapato yake wakati huo hayakutegemea matangazo, iliichukua na kuongeza misimu mitatu. Sehemu za mwisho zilitoka Novemba 2017, jumla zikifika 63. Haikuwahi kutwaa tuzo ya Emmy.

Mji wa Buffalo, Wyoming, unaotajwa kuwa kielelezo cha mji wa Durant wa riwayani, uliendelea kuandaa tamasha la Siku za Longmire hata baada ya tamthilia kumalizika.