Tabakero: Vijaluba vya Ugoro vya Waungwana wa Zamani

Ndugu zangu wapenzi, wakubwa kwa wadogo, mlioko Maskati, Dubai, Mombasa, Unguja, Leicester na Toronto: Kamati ya Jumuiya yetu imeniomba niandike ukurasa wa historia katika kitabu cha mkutano wa mwaka huu. Kwa kuwa kijaluba cha fedha cha marehemu Babu kimezusha maneno mengi katika simu zetu, nimeona niwaeleze habari za vyombo vya namna hiyo, na jinsi vilivyowatia majaribuni watu wakubwa kuliko sisi.

Wazee wetu walikiita tabakero, neno lililotokana na Kireno. Si ajabu, maana Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, wasitolewe humo hadi 1698. Tumbaku yenyewe asili yake ni Amerika. Kiasi cha mwaka 1560 Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, aliipeleka kwa Catherine de' Medici kama dawa, na katika karne ya 18 ugoro ulikuwa umekwisha kuenea katika majumba yote ya enzi ya Ulaya.

Mwungwana wa Paris au London hakutoka nyumbani bila kijaluba chake. Kilikuwa kidogo, cha kuenea kiganjani, chenye bawaba na kifuniko kilichobana barabara ili ugoro usikauke ukapotewa na harufu. Masonara wa Paris walivifanya vya dhahabu ya rangi mbalimbali, au vya magamba ya ng'amba, kasa yule yule apatikanaye katika bahari yetu. Kukitoa mfukoni, kugonga kifuniko kwa kidole na kumkaribisha mwenzio kulikuwa na adabu zake, kama vile kwetu kumkaribisha mgeni tambuu. Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia alivipenda mno, na yasimuliwa kwamba kimoja kilimkinga na risasi katika vita vya Kunersdorf, mwaka 1759.

Lakini mimi niliyekula mshahara wa Serikali miaka mingi, na kushika daftari la zawadi wapewazo maofisa, navutiwa zaidi na jambo jingine. Kijaluba cha dhahabu kilikuwa malipo yasiyoitwa malipo. Balozi alipomaliza kazi yake, au mkataba ulipotiwa sahihi, mfalme hakumpa fedha taslimu, kwani ingekuwa aibu. Alimpa kijaluba chenye picha yake. Wengi walikirudisha kwa sonara wakachukua fedha, na chombo kile kile kikatolewa tena kwa mwingine. Lord Castlereagh, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza aliyehudhuria Mkutano wa Vienna wa 1814 na 1815, alivipata vingi hata dhahabu yake ikayeyushwa kutengenezwa kidau kikubwa cha wino.

Kisa cha Benjamin Franklin ndicho hasa nilichotaka mkisome. Alipoondoka Ufaransa mwaka 1785, baada ya kuiwakilisha Marekani kwa zaidi ya miaka minane, Mfalme Louis wa 16 alimpa kijaluba chenye picha ya mfalme iliyozungukwa na almasi 408. Sheria ya nchi yake changa ilimkataza mtumishi wa umma kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni, basi ikambidi aombe idhini ya Bunge, na Bunge likaridhia. Hata hivyo wenzake hawakutulia. Katiba ya 1787 ililirudia katazo hilo, na mwaka uliofuata Edmund Randolph aliwaambia wajumbe wa Virginia kwamba kijaluba alichopewa balozi ndicho kilichosababisha.

Franklin alikirithisha kwa binti yake, Sarah, akamsihi katika wasia asizigeuze almasi zile kuwa mapambo, yake wala ya binti zake. Sarah hakuzigeuza mapambo. Aliziuza baadhi, akasafiri na mumewe kwenda Uingereza! Simlaumu sana, aliyafuata maneno ya wasia kama karani afuatavyo waraka. Warithi wa baadaye wakaendelea kung'oa. Leo picha hiyo imo katika hifadhi ya American Philosophical Society, Philadelphia, nayo imesaliwa na almasi moja tu ya asili.

Kijaluba cha Babu hakina almasi. Alipewa na mfanyabiashara mmoja siku za ukarani wake wa forodha, na marehemu mama yangu alikuwa akisimulia kwamba Babu alikwenda nacho kwanza kwa mkubwa wake, kikaandikwa daftarini, ndipo akakitia mfukoni. Wapo miongoni mwetu wanaotaka kiuzwe, fedha zigawanywe kwa matumbo manne. Thamani yake sokoni ni ndogo; mgawo wa kila mmoja hautatosha hata nauli ya basi kutoka London hadi Leicester. Rai yangu ni kwamba kibaki kizima kwa Shangazi wa Maskati, kipigwe picha pande zote, na habari ya daftari la forodha iandikwe na kila tumbo lipewe nakala, ilhali tungali na watu waliomsikia mama akiisimulia. Shangazi ameahidi kuja nacho, na Kamati imeliweka shauri hili Jumamosi baada ya chakula cha mchana.